Deni la Mlimani: Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Unamfikia Nani?

Maji ya bamvua yakishatoka, wanawake wa Paje, mashariki mwa Unguja, hushuka pwani na kamba, vigingi na magunia. Huinama juani kwa saa kadhaa wakifunga mbegu za mwani moja moja kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, wakiwahi kabla bahari haijajaa tena. Mwani ukikomaa huvunwa, huanikwa, huuzwa, na safari yake huishia kwenye viwanda vya ng'ambo vinavyoukamua ute wa kugandishia vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Lakini tangu miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Keto Mshigeni, alikuwa akichunguza aina za mwani wa pwani yetu na kushikilia kwamba mmea uliokuwa ukiokotwa tu ufukweni unaweza kulimwa.

Kati ya maandiko ya Mshigeni na ada ya shule ambayo mama wa Paje humlipia mwanawe kuna mambo mengi: mashamba ya majaribio, mbegu kutoka Ufilipino, kampuni za wanunuzi, na ubishi wa bei usiokwisha hadi leo. Hata hivyo njia ipo, na mtu anaweza kuifuata kwa macho kutoka maabara hadi ufukweni.

Nimeanza na mwani kwa sababu nataka kuchambua swali ambalo nchini kwetu hujibiwa kwa haraka mno: utafiti wa chuo kikuu kikubwa cha umma una uzito gani, na uzito huo upimwe kwa mizani ipi? Chuo ninachokizungumzia ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndicho kikongwe kuliko vyote Tanzania, ndicho kilichozaa vingine, na tangu siku ya kwanza kimelishwa na kodi ya wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga geti lake. Hoja yangu ni moja. Utafiti wa Mlimani umekuwa na nguvu kila uliporudi kwa watu ulikochotwa, na umefifia kila uliposafiri njia moja, kutoka kijijini kwenda kabatini.

Mizani inayotumika

Orodha za ubora wa vyuo vikuu duniani hutegemea sana hesabu ya makala. Kuna hazina kubwa za kimataifa zinazosajili majarida, kisha zinahesabu chuo fulani kimechapisha makala ngapi humo, na makala hizo zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine. Mizani hii ina faida ambayo si haki kuibeza. Makala iliyopita mikononi mwa wasomaji wakali kabla ya kuchapishwa ina ulinzi ambao andiko la kujichapishia halina. Majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa malipo yamewanasa wasomi wengi wa Afrika, na kipimo kikali huwasaidia wakuu wa vyuo kutenganisha pumba na mchele. Wizara ya Elimu nayo imeanza kuwatuza fedha watafiti wa Kitanzania wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya sayansi, na ni jambo jema kwa nchi ambayo kwa muda mrefu ilimwachia mtafiti ajigharimie mwenyewe.

Lakini tazama kinachobaki nje ya kibaba hicho. Majarida yanayosajiliwa kwenye hazina hizo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza na yako Ulaya na Marekani. Makala bora ya fasihi iliyoandikwa kwa Kiswahili ina nafasi finyu ya kuhesabiwa. Kamusi haihesabiwi kama makala, hata ikiwa mezani kwa kila mwalimu. Ripoti ya tume iliyobadilisha sheria haihesabiwi. Mtaalamu aliyeshinda na wakulima wa mwani mwezi mzima akiwafundisha kutengeneza sabuni, kwa hesabu hiyo, mwezi huo hakufanya kitu.

Kuna upungufu wa pili, wa kihistoria. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kilijitenga mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili na Ardhi vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Utafiti wa mifugo, malaria na makazi ya mijini unaoandikwa leo kwa majina ya vyuo hivyo una mizizi kwenye kilima kilekile. Kuihukumu Mlimani kwa hesabu ya mwaka mmoja ni kumpima mzazi kwa kumwondolea watoto.

Kilima cha mijadala

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia kilimani, na Julai 1970 kikasimama peke yake, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo.

Kwa kuwa sheria ilifundishwa Dar es Salaam kwa niaba ya nchi zote tatu, vijana wa Kenya na Uganda walikuja kuisomea hapa. Mmoja wao, Willy Mutunga, baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya baada ya Katiba mpya ya 2010. Naye Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, na chini ya umoja huo lilizaliwa jarida la *Cheche*. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha uchambuzi wa kijana Issa Shivji kuhusu matabaka katika ujamaa wa Tanzania. Mwaka huohuo serikali ikalifunga jarida pamoja na umoja wenyewe. Uchambuzi uliandikwa na mwanafunzi, ukapigwa chapa kwa mashine ya kawaida, ukaitikisa nchi, na hadi leo unasomwa.

Idara ya historia ndiyo iliyolipeleka jina la Dar es Salaam mbali zaidi. Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na wenzao walikataa dhana kwamba historia ya Afrika inaanza na meli ya Mzungu. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri historia ya Tanzania ambayo kwayo vizazi vya walimu vilijifunza kazi. Mwaka 1972 Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha Mlimani, alichapisha kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kwa ushirikiano wa mchapishaji wa London na Tanzania Publishing House ya hapa Dar es Salaam. Ni vitabu vichache vilivyoandikwa katika ardhi ya Afrika Mashariki vilivyosomwa kwingi kama hicho.

Lakini kazi ambayo mimi naiona kuwa kielelezo bora cha zama zile haina umaarufu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, idara ya historia iliwatuma wanafunzi wake kusini na mashariki mwa nchi wakati wa likizo kukusanya kumbukumbu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wazee waliopigana, au waliokuwa watoto vita vilipopita vijijini mwao, bado walikuwa hai. Mzee wa Kimatumbi aliketi mkekani mbele ya kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye daftari, akamsimulia habari za Kinjekitile wa Ngarambe, maji ya dawa, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na njaa iliyofuata. Hati za Wajerumani zilikuwa zimeandika vita hivyo kama uasi na ushirikina. Simulizi za wazee zilionyesha watu waliojipanga, waliotafuta njia ya kuunganisha makabila, na waliolipa kwa roho zao.

Sauti zile ziliendelea kusafiri. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alizifanyia kazi kwa kina. Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, na mashuleni Tanzania na Kenya watoto wameigiza na kujadili vita ambavyo babu zao walisimulia. Hapo mzunguko ulikamilika: maarifa yalitoka kijijini, yakapita Mlimani yakachambuliwa, yakarudi kwa wananchi katika lugha yao na katika sura wanayoweza kuikumbuka.

Kamusi mezani

Mzunguko wa namna hiyo ndio uliokuwa kazi ya kila siku ya taasisi moja ya chuo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili katika makoloni ya Waingereza iliingizwa chuoni mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1970, na mwaka 2009 ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Ilirithi kazi iliyoongozwa na wageni. Kamusi kubwa ya 1939, iliyotungwa chini ya Frederick Johnson, ilimfafanulia Mwingereza maneno ya Kiswahili. Mwaka 1981 TUKI ilitoa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, ambamo Kiswahili kinajieleza kwa Kiswahili.

Tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa Kisumu au Bukoba akitafuta maana ya neno haambiwi linaitwaje kwa Kiingereza. Anaelezwa kitu chenyewe kwa lugha anayojifunza. Wahariri wa magazeti, watunga mitihani, wakalimani na mahakimu wamekata ubishi kwa kitabu hicho kwa miongo minne. UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Umoja wa Afrika ulipokifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022, waliopigania walikuwa na lugha yenye kamusi, sarufi na majarida ya kitaalamu. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi, wakiwemo BAKITA na wenzao wa Zanzibar na Kenya, lakini matofali mengi ya msingi yalifyatuliwa Mlimani.

Na hapohapo ndipo penye kidonda. Mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi zipo, zimepangwa, zimefafanuliwa. Lakini sekondari zetu na chuo chenyewe viliendelea kufundisha masomo hayo kwa Kiingereza. Chuo kilifanya utafiti wake, kikatoa chombo, na sera ya nchi ikakiacha chombo kabatini. Utafiti peke yake hauna mikono. Unahitaji waziri, mwalimu na mzazi wa kuupokea.

Tume ya Ardhi

Ushawishi wa chuo kwenye sheria una mfano ulio wazi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akamweka Profesa Shivji wa kitivo cha sheria kuwa mwenyekiti. Migogoro ilikuwa imeenea: operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu bila kumaliza suala la nani mwenye haki ya shamba lipi, na wawekezaji walikuwa wameanza kubisha hodi. Tume ilizunguka nchi nzima ikafanya mikutano ya hadhara, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1994.

Pendekezo lake kuu lilikuwa kuiondoa milki ya juu ya ardhi mikononi mwa Serikali Kuu, na kuvipa vijiji nguvu halisi kupitia mikutano yao. Serikali haikulikubali. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilibakiza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hata hivyo, sheria ya vijiji iliitambua haki ya kimila kuwa sawa na hati ya serikali, na kwa msukumo wa wanaharakati wa haki za wanawake, ikatamka kuwa mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Je, tume ilishindwa? Kwa pendekezo lake kuu, ndiyo. Lakini iliacha kumbukumbu ambayo kila mjadala wa ardhi tangu hapo umelazimika kuirejelea, kwa sababu maneno ya wanakijiji yaliandikwa na hayakufutika. Mjane mwenye hati ya haki miliki ya kimila aliyoihifadhi sandukuni pengine hajui kwamba karatasi hiyo ina nasaba na mikutano ile.

Nyayo na daftari la zahanati

Wapo wanaodhani Mlimani ilikwisha Rodney alipoondoka. Si kweli. Wanaakiolojia wake Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki walikuwa wakichimba mashimo ya majaribio Laetoli, Ngorongoro, kukagua eneo lililopendekezwa kujengwa jumba la makumbusho. Chini ya udongo wakakuta nyayo mpya za binadamu wa kale katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile zilizogunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, Masao akiwa mwandishi wa kwanza. Kwa miongo mingi mabaki ya kale ya nchi hii yalitangazwa kwa majina ya wageni, na Mtanzania akitajwa kama mchimbaji. Safari hii jina la kwanza lilikuwa letu, na kazi ilifanywa pamoja na wenzetu wa Italia kwa heshima ya pande zote.

Pwani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo, iliyopo Zanzibar, iliendeleza alipoachia Mshigeni. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, ulipoanza kupauka, kukatika na kufa kwenye maji ya kina kifupi, mtafiti Flower Msuya alihusisha vifo hivyo na bahari kupata joto. Hakuishia kwenye makala. Alifanya kazi na wakulima kujaribu kulima kwenye maji yenye kina zaidi, na kusaga mwani kwa ajili ya sabuni na bidhaa nyingine ili mama asibaki akingoja bei ya mnunuzi mmoja.

Mfano wa tatu hauonekani kabisa kwa macho ya mpita njia. Muuguzi wa zahanati hujaza madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Mwisho wa mwezi hujumlisha na kupeleka wilayani, na takwimu huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Wataalamu wa kompyuta wa Mlimani, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, ndio waliouunda mfumo huo upya uendane na mahitaji ya nchi, na kuwafundisha watu kuutumia. Mganga mkuu wa wilaya anayeona kwenye skrini kwamba kata fulani chanjo zimeshuka, na kutuma gari, anatumia matunda ya chuo kikuu.

Miaka ya ukata

Pamoja na hayo, ni lazima kusema kilichoharibika. Miaka ya 1980 shilingi iliporomoka, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 bajeti za umma zilibanwa. Mshahara wa mhadhiri haukumaliza mwezi. Wengine walikwenda Botswana, Lesotho na kusini zaidi. Euphrase Kezilahabi, mmoja wa waandishi wetu wakubwa, alimalizia maisha yake ya ualimu Botswana. Waliobaki walifuga kuku na kufanya ushauri elekezi.

Ushauri elekezi si dhambi. Uliwaokoa wasomi na familia zao. Lakini ulibadilisha mwenye swali. Mtafiti wa zamani alijiuliza kwa nini mkulima ni maskini. Mshauri elekezi huulizwa na mfadhili iwapo mradi wake umefikia walengwa, na hupewa wiki sita kujibu. Ripoti huwa mali ya aliyelipa. Wafadhili wa kudumu kama Sweden na Norway walisaidia sana kusomesha wanazuoni wa uzamivu na kujenga maabara, na wanastahili shukrani. Hata hivyo, chuo kinachotegemea fedha za nje kwa utafiti wake huchelewa kuuliza maswali ambayo hakuna mgeni anayeyahitaji. Umoja wa Afrika uliziomba nchi zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania bado haijafika hapo.

Wakati huohuo madarasa yalifurika. Kutoka wanafunzi wasiozidi 15, chuo kilifikia makumi ya maelfu. Kupanuka huko ni haki ya watoto wa wananchi, lakini mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za mtihani za kusahihisha ana saa chache za kufikiri.

Njia ya kurudi

Sasa twende kijijini. Mwenyekiti wa kijiji chochote kilicho jirani na hifadhi, mgodi au bwawa ameshapokea watafiti wengi. Wanafika na barua ya utambulisho kutoka wilayani, anawakaribisha, anawaitia wananchi, hojaji zinajazwa, soda zinanyweka, gari linaondoka. Ukimuuliza majibu yalikuwaje, atakwambia hakuna aliyerudi. Ukweli ni kwamba majibu yapo. Yako katika tasnifu iliyojalidiwa vizuri, kwa Kiingereza, kwenye rafu ya maktaba kubwa iliyofunguliwa chuoni mwaka 2018, au kwenye hazina ya mtandaoni ambayo mwenyekiti hana habari nayo. Huyu mtu ametoa muda wake, siri za ukoo wake na ujuzi wa mababu zake. Kwa adabu yetu, aliyekopeshwa jembe hulirudisha.

Deni hili linaweza kulipwa bila mabilioni. Kila tasnifu ya uzamili na uzamivu iliyokusanya habari kwa wananchi iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, na shahada isitolewe mpaka muhtasari huo uwe umefika ofisi ya kijiji au mtaa husika. TATAKI ina wataalamu wa kusimamia lugha hiyo. Upandishaji wa vyeo uipe alama kamusi, ripoti ya sera na kazi ya ugani, kwa mapitio makali kama ya makala. Serikali nayo itenge fedha zake yenyewe kwa maswali yake yenyewe, na izipokee habari chungu zinapoletwa. Chuo kilichofungiwa jarida mwaka 1970 kilijifunza woga, na mtafiti mwenye woga huchagua maswali yasiyomuudhi mtu.

Haya si mageni kwa Mlimani. Wanafunzi waliotumwa kwa wazee wa Majimaji walikuwa na daftari, nauli na mwalimu aliyeamini kwamba mzee yule ana elimu. Wazee wale wote wametangulia mbele ya haki. Wajukuu zao wapo Kilwa, Rufiji na Songea, na karatasi zenye maneno ya babu zao ziko Dar es Salaam. Hapo pangekuwa pazuri pa kuanzia: nakala zipigwe, zifungwe vizuri, zipelekwe kwenye shule za sekondari za vijiji vilevile, na mwanafunzi wa huko afungue ukurasa asome jina la ukoo wake.